Mzazi na Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Chuoni (2): Fedha, Masomo na Mawasiliano

Mwanafunzi anayeanza chuo kikuu nchini Tanzania huingia katika utaratibu ambamo mzazi hana tena nafasi aliyoizoea. Shuleni mzazi aliitwa vikaoni, alipokea ripoti kila muhula na alimfahamu mwalimu wa darasa. Chuoni matokeo humfikia mwanafunzi mwenyewe kupitia akaunti yake katika mfumo wa chuo, na hakuna anayepiga simu nyumbani kueleza kwamba amekosa vipindi wiki nzima. Kazi ya kumsimamia mtoto hugeuka kuwa kazi ya kumwandaa ajisimamie, na maandalizi hayo huanza kabla hajapanda basi.

Nyaraka

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, na masomo ya mwaka wa kwanza huanza Oktoba au Novemba. Miezi hiyo michache hujaa shughuli za udahili na mkopo. Mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja, kwa namba ya siri anayotumiwa, ndani ya muda uliopangwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kwa maombi ya mkopo, cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) au, kwa waliozaliwa Zanzibar, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Cheti chenye jina lililoandikwa tofauti na lile la cheti cha shule huweza kuchelewesha kila kitu, hivyo mzazi humsaidia sana mtoto kwa kuvilinganisha vyeti hivyo mapema, herufi kwa herufi.

Ni vema mtoto ajaze fomu zake mwenyewe huku mzazi akiwa pembeni. Anayejaziwa kila kitu hufika dirisha la usajili bila kujua alichoandika.

Fedha

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa mkopo kwa kuangalia uhitaji. Wapo wanaopata ada na fedha za kujikimu, wapo wanaopata sehemu tu, na wapo wanaokosa. Familia hukaa salama ikiwa na mpango kwa kila hali kati ya hizo.

Jambo la kwanza ni kwamba hata aliyepata mkopo hukutana na pengo la mwanzo. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, hazimsubiri mlangoni siku anapofika. Lazima kwanza asajiliwe, akaunti yake ya benki iwe sahihi, kisha athibitishe kuzipokea. Wakati huohuo aliyekosa chumba cha bweni hupanga mtaani, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Familia yenye kipato kidogo ingefanya vizuri kuweka akiba yake kwa ajili ya wiki hizo za kwanza, hata kama sanduku jipya na nguo mpya zitasubiri.

Jambo la pili ni hesabu. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa kiwango hicho, siku 60 ni shilingi 600,000. Kijana asiyewahi kushika laki mbili kwa pamoja huziona fedha hizo kuwa nyingi. Mzazi akae naye na daftari. Tuseme chakula ni shilingi 5,500 kwa siku: jumla 330,000. Sehemu yake ya kodi ya chumba wanachochangia wawili ni 50,000 kwa mwezi: 100,000. Nauli ni 2,000 kwa siku 40 za masomo: 80,000. Zinabaki 90,000 kwa sabuni, bando, kutoa nakala na dharura, yaani shilingi 1,500 kwa siku. Hesabu hiyo ikifanywa mara moja kwa kalamu hufundisha kuliko mawaidha ya jioni nzima.

Jambo la tatu ni kwamba mkopo ni deni. Mnufaika anapoajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na ni haki ya kijana kulijua hilo tangu mwaka wa kwanza.

Masomo

Aliyezoea kuandikiwa nukuu ubaoni hujikuta katika ukumbi wa mamia ya wanafunzi, mhadhiri akizungumza saa moja kisha akiondoka. Alama za mwisho hujengwa tangu wiki za mwanzo kwa majaribio na kazi za vikundi, ambazo katika vyuo vingi huchukua 40 kati ya 100. Anayesubiri kukesha na vitabu karibu na mtihani huwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa. Akianguka somo, hufanya mtihani wa marudio, yaani sapu. Akishuka chini ya wastani unaotakiwa, huondolewa chuoni, na wanafunzi husema amedisko.

Mzazi ambaye hakusoma chuo bado anaweza kusaidia. Swali la “Unasoma kweli?” hupata jibu moja tu. Lakini akiuliza, “Jaribio la kwanza lilikuwaje? Umekosea wapi?”, humlazimisha mtoto kutazama kazi yake mwenyewe.

Afya na mawasiliano

Kadi ya bima ya afya ishughulikiwe mapema, kwa kuwa ugonjwa hausubiri usajili ukamilike. Mwanafunzi anayeugua sana, au anayepata msiba mzito, anaweza kuomba kuahirisha mtihani au masomo kwa barua yenye uthibitisho. Asiyeomba, akakosa mtihani kimyakimya, huhesabiwa kuwa amekimbia mtihani. Wengi huujua utaratibu huu wakiwa wamechelewa, ndiyo maana mzazi naye aujue, pamoja na mahali ilipo Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi.

Kinachowazuia wengi kusema ni hofu ya nyumbani. Kijana aliyeambiwa kila siku kwamba ng’ombe wameuzwa kwa ajili yake huona aibu kutaja sapu, upweke au fedha zilizokwisha kabla ya wakati. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wa kwanza kuondoa sababu ya kuficha ni mzazi. Simu ya siku maalumu, mathalani kila Jumapili jioni, isiyoanza na fedha wala matokeo, humzoesha mtoto kuzungumza wakati hakuna tatizo. Siku tatizo litakapokuja, atapiga mwenyewe, tena kabla siku za kuomba ahirisho hazijapita.