Modemu na Ruta: Jinsi ya Kuviunganisha Nyumbani

Siku hizi neno intaneti si geni hapa Nchelenge wala Kashikishi. Wauzaji wa chisense huulizana bei kwa simu kabla ya kupeleka mzigo wao Mansa au Copperbelt, na wachuuzi wanaovuka ziwa kutoka Pweto na Kilwa ya Kongo hufanya vivyo hivyo. Lakini nimeona kwamba wengi wetu tunaitumia intaneti bila kujua inaingiaje nyumbani, na kwa sababu hiyo twapoteza fedha kwa jambo dogo. Napenda kueleza katika kurasa hizi habari za vyombo viwili, modemu na ruta, kazi ya kila kimoja, na namna ya kuviunganisha.

Yuko mama mmoja, jirani yetu, ambaye chumba cha mbele cha nyumba yake amekifanya duka la kupiga chapa na kutoa nakala. Wanafunzi wa darasa la 12 humwendea ili kupeleka maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu, maana maombi hayo sasa hufanywa kwa intaneti, nayo yana siku ya mwisho. Alikuwa na modemu moja iliyounganishwa kwa waya na kompyuta yake. Alipoona wateja wamezidi, alinunua ruta ili kompyuta mbili na simu za nyumbani zipate intaneti pamoja. Akauchomoa waya kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye ruta, lakini intaneti haikuja. Muuzaji mmoja akamwambia kwamba modemu imekufa, anunue nyingine. Mama yule akatoa fedha alizoziweka kwa ajili ya karatasi na wino, akanunua. Kwa siku nne duka halikufanya kazi, na wanafunzi wawili ninaowajua walilazimika kupanda basi mpaka Mansa ili wasikose siku ya mwisho.

Baadaye nilimwomba, nikasema, "Mama, niruhusu niijaribu ile ya zamani." Akanijibu, "Ijaribu, mwanangu, ila niliambiwa imekufa." Niliizima dakika tano, nikaiunganisha na ruta, nikaiwasha, ikafanya kazi. Haikuwa imekufa hata kidogo. Sababu yake nitaieleza, lakini kwanza yatupasa kujua vyombo hivi ni nini.

Jina modemu limefupishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kuyageuza mawimbi na kuyarudisha katika hali yake. Kazi yake ni kupokea habari zinazokuja kutoka nje, kwa njia yo yote ile, na kuzigeuza ziwe katika lugha ambayo kompyuta huielewa. Kisha huyapeleka nje majibu ya kompyuta kwa namna hiyo hiyo. Katika miji mingine njia hiyo ni waya wa simu. Huku kwetu mara nyingi ni mawimbi yatokayo kwenye mnara wa simu, au yatokayo kwenye setelaiti angani.

Ruta ni mgawaji. Mtumbwi wa chisense ufikapo ufukoni asubuhi, mtumbwi umemaliza kazi yake ya kuleta samaki. Yuko mtu mwingine anayesimama pale na kugawa, akijua beseni hili ni la nani na lile ni la nani. Modemu ni kama mtumbwi, na ruta ni kama mgawaji yule. Kampuni ya intaneti kwa kawaida huipa nyumba anwani moja tu. Ruta huishika anwani hiyo, kisha hukipa kila chombo cha ndani anwani ndogo ya nyumbani, ambayo mara nyingi huanza na tarakimu 192.168. Simu ya mama ikiomba habari na kompyuta ya mtoto ikiomba picha, ruta hukumbuka nani aliomba nini, na majibu yakija huyapeleka panapostahili. Tena ruta nyingi hutoa mawimbi ya Wi-Fi, ndiyo maana simu hupata intaneti bila waya.

Sasa tutaona kilichompata jirani yetu. Kila chombo kina namba yake kilichopewa kiwandani. Modemu za namna fulani huikumbuka namba ya chombo cha kwanza kilichounganishwa nazo, na anwani ile moja hukipa hicho tu. Modemu ya mama yule ilikuwa ikiijua kompyuta yake. Ruta ilipokuja, modemu iliiona kama mgeni, ikakataa kuipa anwani. Kuizima dakika chache huifanya isahau, na ikiwashwa tena humpokea yule aliye mbele yake. Hakukuwa na haja ya kununua kitu.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini visitengenezwe pamoja? Naam, viko visanduku vingi vyenye modemu na ruta ndani yake, navyo hutosha kwa nyumba nyingi. Lakini vikitengana pana faida moja kubwa. Njia ya nje hubadilika, mambo ya ndani hayabadiliki. Tutazame nchi yetu wenyewe. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, kiliunda kampuni ya ZAMNET, na wakati ule watu waliingia kwenye intaneti kwa waya wa simu. Katika miaka ya 2000, huko Macha katika Southern Province, mahali palipo na hospitali ya misheni mbali na mji, watu wa LinkNet walipokea intaneti kwa setelaiti, wakaigawa kwa Wi-Fi kwa hospitali, shule na nyumba za watu. Kisha minara ya simu ikaenea, na mwezi wa Oktoba 2023 Starlink ilianza kazi nchini. Setelaiti za zamani ziko juu kilomita 36,000 hivi, hata jibu lake huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Hizi mpya ziko juu kilomita 550 hivi, na jibu huja upesi. Mwenye ruta yake mbali akihama kutoka mnara kwenda setelaiti, hubadilisha chombo cha nje tu. Ruta, jina la Wi-Fi na neno la siri hubaki vile vile, wala hana haja ya kugusa simu za watu wa nyumbani.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kuanza, tafuta waya wa mtandao wenye vichwa vya plastiki pande zote mbili. Waya huo waweza kuwa na urefu hata wa meta 100, lakini ndani ya nyumba meta mbili au tatu zatosha.

Kwanza, zima modemu na ruta. Iache modemu imezimwa dakika tano. Ikiwa ina betri ndani, itoe.

Pili, tazama nyuma ya ruta. Utaona matundu kadhaa yanayofanana, lakini moja limetengwa na mengine, mara nyingi kwa rangi yake, nalo limeandikwa WAN au Internet. Hilo ndilo mlango wa nje. Yale mengine, yaliyoandikwa LAN, ni milango ya ndani. Chomeka kichwa kimoja cha waya katika tundu la modemu liandikwalo LAN au Ethernet, na kichwa cha pili katika tundu la WAN la ruta.

Hapa nina neno la hadhari. Nyumba nyingine zina modemu iliyofungwa juu ya mlingoti nje, na waya wake hushuka mpaka kwenye kisanduku kidogo cha umeme ndani ya nyumba. Kisanduku hicho kina matundu mawili. Lile liandikwalo POE hupeleka umeme juu ya mlingoti. Lile liandikwalo LAN ndilo la ruta. Usiyachanganye, kwa maana umeme wa POE waweza kuiunguza ruta.

Tatu, washa modemu peke yake. Ngoja mpaka taa ya intaneti itulie, pengine dakika mbili au zaidi. Ndipo uwashe ruta.

Nne, geuza ruta chini juu. Utaona kibandiko chenye jina la Wi-Fi, neno la siri, na anwani ya kuingilia, kama vile 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Unganisha simu au kompyuta na Wi-Fi hiyo, kisha andika anwani ile mahali unapoandika anwani za intaneti. Ukurasa wa ruta utafunguka.

Tano, ruta itakuuliza inapataje anwani kutoka nje. Mara nyingi jibu ni DHCP, maana yake ni kwamba modemu itatoa anwani yenyewe. Kampuni nyingine hutumia PPPoE, na hapo watakupa jina na neno la siri la kuandika. Kwa baadhi ya vyombo vya setelaiti hutolewa anwani maalumu isiyobadilika. Usibahatishe; iulize kampuni yako. Kuuliza si ujinga.

Sita, badilisha maneno ya siri yote mawili, la Wi-Fi na la kuingilia ukurasa wa ruta. Chagua ulinzi wa WPA2, au WPA3 ikiwa ruta inao. Neno la siri liwe na herufi 12 au zaidi, wala lisiwe jina lako au namba ya simu yako. Jambo hili si dogo kwa mtu anunuaye intaneti kwa kipimo, kwa kuwa mpita njia akilijua neno lako, kifungu cha mwezi mzima chaweza kuisha kwa usiku mmoja.

Yako matata mengine yanayowasumbua watu, nayo ni ya ruta mbili kugongana. Ikiwa kile mnachokiita modemu kina ruta pia ndani yake, basi nyumba ina wagawaji wawili. Wote wawili wakitumia anwani za 192.168.1, hawataelewana, na intaneti itakatika au haitakuja kabisa. Dawa yake ni moja kati ya mbili. Ama ingia katika kisanduku cha kwanza ukiambie kiwe daraja tu, yaani kiache kazi ya kugawa. Ama iambie ruta yako iwe kituo cha Wi-Fi tu, na ugawaji ubaki kwa kile cha kwanza. Mgawaji mmoja yatosha.

Intaneti ikikatika, usikimbilie dukani. Chukua kompyuta, iunganishe kwa waya moja kwa moja na modemu, ukikumbuka kuizima modemu kwanza na kuiwasha tena. Intaneti ikipatikana, modemu ni nzima. Ubaya uko kwenye ruta au waya wake. Isipopatikana, jaribu waya mwingine, na utazame kama kifungu chako hakijaisha. Ikiwa hivyo vyote ni vizuri, ubaya uko kwenye modemu au kwa kampuni, wala ruta mpya haitakusaidia. Jaribio hili halizidi robo saa, nalo lingemwokolea jirani yetu fedha zake na siku zake nne.

Mahali pa kuiweka ruta napo pana maana. Iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na mabati, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya namna mbili. Ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, na ya 5 huenda kasi zaidi lakini huchoka mapema. Kwa nyumba ya matofali yenye vyumba vingi, anza na 2.4.

Mwisho ni habari ya umeme. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, tulijifunza wote maana ya mgao mrefu wa umeme. Ruta na modemu hula umeme kidogo, wati chache tu, hata betri ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo huviendesha saa kadhaa. Lakini soma kwanza kibandiko cha kila adapta. Nyingine ni za volti 12, nyingine 9, nyingine 5, na vichwa vyake hufanana. Ukiingiza ya 12 mahali pa 5, chombo kitaungua. Na tangu Novemba mpaka Aprili, radi zinapopiga juu ya ziwa, chomoa umeme, na pia waya utokao kwenye mlingoti, mapema kabla tufani haijafika.

Ndugu zangu, sisi tulio darasa la 12 tutahitaji intaneti kwa matokeo, kwa maombi ya vyuo na kwa mikopo. Wadogo zetu watatufuata. Katika kila mtaa anatakiwa kijana mmoja ajuaye kutofautisha modemu na ruta, na kusoma taa na vibandiko vyake, ili mzee wa nyumba akiambiwa kwamba chombo kimekufa, apatikane wa kukijaribu kabla fedha haijatoka mfukoni. Chukueni ukurasa huu nyumbani wakati wa likizo, mkavitazame vyombo vyenu wenyewe.