Rangi Inayofichua Ugonjwa

Ndugu wafanyakazi wa viwanda vya kahawa na mashamba ya Gitega na Muyinga,

Hutokea mwenzetu akapata uvimbe shingoni, au kidonda cha mguu kisichopona. Hospitalini daktari hukata kipande kidogo cha nyama. Mwenzetu hurudi kazini bila kujua kipande hicho kimekwenda wapi. Leo tunaeleza, maana anayejua kazi inavyofanyika ndiye anayeweza kudai majibu.

Kwanza kipande hutiwa katika fomalini kisioze. Kisha hukaushwa maji na kuzamishwa katika nta ya moto. Nta ikiganda, mashine hukikata vipande vyembamba mno, kama milimita moja iliyogawanywa mara 200, na kimoja hulazwa juu ya kioo. Lakini hata kwa hadubini bado huoni kitu cha maana. Seli, yaani chembe hai zinazoujenga mwili, karibu hazina rangi. Hapo ndipo rangi inapohitajika.

Rangi itumikayo zaidi ni hematoksilini, inayotoka katika mti wa Amerika ya Kati. Historia yake inatuhusu sisi wafanyakazi: katika karne ya 18 watumwa kutoka Afrika walikatishwa mti huo huko Belize ili viwanda vya nguo vya Ulaya vipate rangi. Mwaka 1865 Franz Böhmer aliichanganya na shabu, kama wapaka rangi wa nguo wanavyotumia shabu ili rangi ishike kitambaa.

Ikichanganywa na shabu, hutenda kama rangi ya besi, yaani hubeba chaji chanya. Kiini cha seli kimejaa asidi iitwayo DNA, yenye chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, basi rangi hung'ang'ania kiini kikawa cha buluu iliyokolea. Halafu hupakwa eosini, rangi ya asidi, na sehemu nyingi zilizobaki huwa za waridi.

Sasa daktari anaweza kusoma. Seli zenye afya kwa kawaida zina viini vinavyolingana na zimejipanga vizuri. Katika saratani viini mara nyingi ni vikubwa, vimekolea rangi na havilingani.

Faida yake ilionekana karibu nasi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Wenzake wa maabara walipopima vipande vilivyopakwa rangi, walitambua kuwa ni saratani ya seli za limfu. Baadaye dawa zilijaribiwa, na watoto waliokuwa wamekatiwa tamaa wakapona.

Maabara ya namna hii haipo katika kila hospitali, na wataalamu ni wachache. Kipande hulazimika kusafiri. Kwa hiyo tunasema hivi:

Mgonjwa aulize kama kipande kimetiwa fomalini mara moja, kwani kikioza hakuna rangi itakayokiokoa. Ahakikishe chupa ina jina lake na sehemu ya mwili kilipokatwa. Aulize siku ya majibu, na siku hiyo aende.

Nao wajumbe wetu, wanapojadiliana na mwajiri juu ya matibabu, wadai gharama ya kipimo hiki na ruhusa yenye mshahara ya kufuata majibu. Uvimbe haungoji msimu wa kahawa umalizike.