Usonji na vinasaba: Ushahidi hauwatii wazazi hatiani

Mtoto akichelewa kusema, asipogeuka anapoitwa jina lake, au akishinda anapanga vitu kwenye mstari bila kumtazama mtu, familia nyingi huanza kwa kumtafuta mkosaji. Mama ndiye hulaumiwa kwanza: alikula nini akiwa mjamzito, alimkosea nani hata akalaaniwa. Lawama hizi si za Afrika pekee. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza hali ya usonji kwa watoto 11 na kuhitimisha kwamba walizaliwa nayo, lakini aliandika pia kwamba wazazi wengi wa watoto hao hawakuwa wachangamfu. Wengine waliichukua kauli hiyo ya pili wakaikuza, na kwa miaka mingi akina mama wa Marekani na Ulaya waliambiwa kuwa ubaridi wao ndio uliomfanya mtoto ajifungie. Sayansi imeifuta lawama hiyo. Ushahidi uleule, ukisomwa kwa makini, unakataa pia lawama mpya inayoanza kusikika: kwamba usonji ni damu mbaya ya ukoo fulani.

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu ulitoka kwa mapacha. Mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha nchini Uingereza uchunguzi wa jozi 21 za mapacha, kila jozi ikiwa na angalau mmoja mwenye usonji. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, 4 zilikuwa na watoto wote wawili wenye usonji. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Uzito wa matokeo haya uko katika ulinganisho wenyewe. Mapacha wa aina zote mbili hukaa tumbo moja na hulelewa na mama mmoja katika nyumba moja. Kinachowatenganisha ni kwamba wa kufanana wana vinasaba vilevile, ilhali wengine hushiriki karibu nusu tu. Kama malezi ndiyo yangekuwa chanzo, tofauti hiyo isingeonekana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto zaidi ya milioni 2 wa nchi tano, ulikadiria kuwa takribani asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika uwezekano wa kuwa na usonji hutokana na urithi. Kiwango hicho kinazungumzia jamii nzima. Hakimaanishi kwamba asilimia 80 ya usonji wa mtoto mmoja imetoka kwa baba au kwa mama.

Urithi huo hauko katika jeni moja, yaani kipande kimoja cha vinasaba. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa vinasaba vya watu zaidi ya 35,000 ulibaini jeni 102 zinazohusishwa na usonji. Nyingi hufanya kazi katika ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa: baadhi huamuru jeni nyingine zianze au ziache kazi, na nyingine, kama SHANK3, hujenga sehemu ambapo seli moja ya ubongo hupokea ujumbe wa nyingine. Kuna pia hali za karibu ambazo chanzo chake ni jeni moja inayojulikana. Katika hali iitwayo Fragile X, kipande kifupi cha jeni FMR1 hujirudia zaidi ya mara 200, jeni hiyo huzimika, na ubongo hukosa protini unayoihitaji ili kukua sawasawa. Baadhi ya watoto wenye hali hiyo huwa pia na usonji. Lakini kwa watu wengi wenye usonji hakuna jeni moja ya kuinyooshea kidole. Ni mabadiliko madogo mengi yaliyokutana, na kila mojawapo limo pia ndani ya watu wasio na usonji.

Hapa huja pingamizi la haki: kama ni urithi, mbona ukoo mzima haujawahi kuwa na mtoto wa namna hii? Sababu moja ni hayo mabadiliko madogo, ambayo baba na mama huweza kuyabeba maisha yao yote bila dalili. Nyingine ni kwamba kila binadamu huzaliwa na makumi ya mabadiliko mapya ya vinasaba ambayo wazazi wake hawana. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kwamba kila mwaka unaoongezeka katika umri wa baba huongeza takribani mabadiliko mapya mawili kwa mtoto. Mengi hayana madhara. Machache huangukia jeni muhimu ya ubongo. Hakuna aliyeyachagua, na hakuna ukoo usioyapata. Kumrudisha mke kwao kwa sababu ya mtoto mwenye usonji ni dhuluma isiyo na msingi wowote wa kibiolojia.

Wengine huuliza: vinasaba havibadiliki ndani ya miaka ishirini, mbona usonji umeongezeka? Nchini Marekani makadirio yalipanda kutoka mtoto 1 kati ya 150 mwaka 2000 hadi 1 kati ya 36 mwaka 2020. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na vigezo vya utambuzi vilivyopanuliwa na watoto wengi zaidi kupimwa, wakiwemo waliokuwa wakiitwa tu wenye ulemavu wa akili. Chanjo haihusiki. Andiko la mwaka 1998 lililoishuku chanjo ya surua lilihusu watoto 12 tu, na jarida lililolichapisha lililifuta mwaka 2010. Nchini Denmark, watoto 657,461 walifuatiliwa, na waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Surua, kwa upande wake, inaua.

Si kweli pia kwamba vinasaba ni kila kitu. Kuzaliwa njiti huongeza uwezekano wa usonji, na vilevile dawa ya kifafa iitwayo valproate ikitumiwa wakati wa ujauzito. Mwanamke anayeitumia asiiache ghafla. Amwone daktari mapema ili apangiwe dawa nyingine. Wala kusema kwamba chanzo ni cha kibiolojia si kusema kwamba hakuna la kufanya. Uoni hafifu wa kurithi husaidiwa kwa miwani, na mtoto mwenye usonji hupiga hatua akifundishwa mapema kuwasiliana kwa maneno, kwa picha au kwa ishara, na akipata shule inayomwelewa.

Kinachokosekana kwetu ni maarifa yaliyotoka kwetu. Takwimu nyingi za vinasaba vya usonji ni za watu wenye asili ya Ulaya, ingawa tofauti za vinasaba ni nyingi zaidi Afrika kuliko kwingine kokote. Utafiti unaofanyika Kilifi, Kenya, na Cape Town, Afrika Kusini, unaanza kuliziba pengo hilo, na unastahili kuungwa mkono na serikali zetu. Wakati huohuo, mzazi asisubiri. Mtoto asiyetamka neno lolote akiwa na miezi 16, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe kliniki apimwe kusikia na makuzi yake. Miezi inayopotea katika kumtafuta mkosaji ndiyo miezi ambayo mtoto huyo angekuwa anajifunza.