Fahamu: Kuvu wa baharini hupatikanaje?

Mwaka 1945, daktari Giuseppe Brotzu alichota maji ya bahari mjini Cagliari, kisiwani Sardinia, Italia, karibu na mdomo wa bomba la majitaka. Si pahali pa kuogelea. Humo alimpata kuvu aliyezuia bakteria wa homa ya matumbo. Baadaye Edward Abraham na Guy Newton wa Oxford walitenga kutoka kwa kuvu huyo kemikali iitwayo sefalosporini C, iliyozaa ukoo mzima wa dawa, ikiwemo seftriaksoni, sindano inayojulikana sana hospitalini kwetu.

Kumpata kuvu wa baharini si kazi ya kuvua kwa wavu. Maji huchujwa kwa utando wenye vitundu vidogo mno, kisha utando hulazwa kwenye sahani ya agari, ute unaotokana na mwani mwekundu. Huongezwa antibiotiki, la sivyo bakteria, ambao hukua upesi, wataufunika uwanja wote. Baada ya siku kadhaa huota madoa: meupe, ya kijani, meusi. Kila doa huhamishiwa sahani yake, na huhamishwa tena hadi abaki kuvu mmoja tu.

Kumtambua ndiko kugumu. Hadubini huonyesha nyuzi na spora zake, lakini kuvu wengi hufanana kama mapacha. Hapo husomwa kipande cha DNA kiitwacho ITS na kulinganishwa na kumbukumbu zilizopo.

Kuvu wa Brotzu amejulikana kwa muda mrefu kwa jina Acremonium chrysogenum.