Kauri Inayolia Ikibanwa

Paukwa! Pakawa! Leo sina sungura wala fisi. Nina kipande cha kauri, kidogo kuliko kidole chako, kilichojificha ndani ya kiwashio cha gesi.

Umewahi kumwona mama akibonyeza kile kiwashio? Tak! Cheche inaruka, jiko linawaka. Njiti hakuna, na vingine havina hata betri. Ndani mna springi na nyundo ndogo. Nyundo ikiigonga kauri, umeme wa maelfu ya volti unachomoka kufumba na kufumbua. Usiogope, ni wa kitambo kidogo mno. Ukikupata utaruka, basi.

Kikombe cha chai nacho ni kauri, lakini ukikigonga huambulii umeme. Unaambulia vigae na maneno ya bibi.

Mwaka 1880, mjini Paris, Jacques Curie na mdogo wake Pierre, kijana wa miaka 21, walibana fuwele za mawe kama kwatzi, wakaona umeme ukijitokeza. Ndani ya fuwele hizo chaji chanya na hasi zimetulia zikilingana. Zibane, zinasogea: upande huu unakuwa chanya, ule hasi.

Kauri ina shida yake. Imeundwa kwa chembe nyingi za fuwele, na kila chembe inatazama kwake, kama watoto wakati wa mapumziko. Umeme wa hii unafutwa na wa ile. Basi kiwandani huipasha moto, kisha huiweka kwenye nguvu kali ya umeme. Hiyo ndiyo kengele ya mwalimu! Chembe zinageukia upande mmoja, na kauri ikipoa zinabaki hivyo. Ila isipate joto kupita kiasi: kauri ya bariamu titaneti ikivuka nyuzi 120 hivi za Selsiasi, mstari wote unavurugika.

Ukiibana zaidi, inatoa umeme zaidi. Ndiyo maana mafundi huifunga kwenye injini ya gari isikilize mtikisiko wa mafuta yanayolipuka vibaya. Kompyuta ya gari ikipata habari, inachelewesha cheche kidogo.

Lakini usiitume kupima mahindi. Weka gunia juu yake: italia gunia linapotua, kisha polepole umeme unavuja, inanyamaza kana kwamba haijabeba kitu. Sasa liondoe. Italia tena, na safari hii chanya na hasi zitakuwa zimebadilishana pande.