Samadi ya Dende na Lenga-lenga za Bukavu

Hapa Bukavu twakaa juu ya vilima, na kila mvua kubwa huteremsha udongo wetu mpaka Ziwa Kivu. Unaobaki hauna nguvu. Basi mama apandaye lenga-lenga humo asishangae akichuma majani membamba ya manjano, yasiyotosha kitoweo cha watoto.

Walakini jamaa nyingi za Kivu zafuga dende jikoni, na mavi yao hufagiwa asubuhi yakatupwa mferejini. Hasara iliyoje! Yakusanyeni pamoja na mabaki ya majani waliyokula, yafunikeni kwa majani ya migomba, mkayageuze mara kwa mara kwa muda wa miezi 2 au 3, hata yawe meusi yasiyo na harufu.

Msifanye haraka kama sisi. Tulimwaga samadi mbichi ya kuku juu ya tuta, na mizizi ya miche yote ikaungua kwa ukali wake. Tena samadi mbichi yaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa tumbo. Iliyoiva ichanganyeni na udongo kabla ya kupandikiza. Baada ya majuma 3 au 4 mtachuma, na shina mkiliacha litachipua tena.