Nguvu za Kiume Zikipungua: Pima Kwanza, Ndipo Uchague Msaada

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati

Yako maradhi ambayo mtu huyasema barazani bila haya. Malaria husemwa. Jino husemwa. Hata kuhara husemwa. Lakini mwanamume ambaye jogoo wake hapandi mtungi hamwambii mtu. Akija zahanati husema kiuno kinamuuma. Hupewa dawa ya maumivu, akarudi nyumbani na shida yake ile ile. Kisha huenda gulioni kwa mchuuzi wa unga na vidonge, kwa sababu mchuuzi haulizi maswali.

Sababu yake naijua. Mzee wa miaka 60 huona vigumu kumweleza mambo ya chumbani kijana aliye sawa na mwanawe. Wazee wangu, shikamooni. Sisi vijana wa zahanati tumefundishwa kusikiliza bila kucheka na kutunza siri ya mgonjwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Leo tutazungumza jambo hili kwa uwazi na kwa heshima. Akina mama nao wasome, kwa maana jambo hili ni la watu wawili.

UUME HUSIMAMAJE?

Ndani ya uume mna nyama laini yenye vijitundu vingi, mfano wa sifongo. Mwanamume akipata hamu, ubongo hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mishipa inayoleta damu hupanuka, damu huingia kwa wingi na sifongo hujaa. Ikijaa, huibana mishipa inayotoa damu, nayo damu hubaki ndani.

Tazama jaruba la mpunga. Maji yakiingia kwa wingi na mahali pa kutokea pakizibwa, jaruba hujaa. Lisipojaa, mkulima hukagua mambo matatu. Je, mfereji umeziba? Je, tuta linavuja? Au mwenye zamu hakufungulia maji? Na katika mwili ni hivyo hivyo. Mishipa ya damu inaweza kuwa imeziba, damu inaweza kuwa haikai, au ubongo na mishipa ya fahamu haikutoa amri.

DALILI YA UGONJWA MWINGINE

Wako wanaosema ni ngiri. Wako wanaosema mtu amefungwa na mke mdogo. Mara nyingi sababu zenyewe hupimika. Sababu kubwa kwa watu wa makamo na wazee ni kisukari, shinikizo la damu, mafuta mengi katika damu, sigara na pombe nyingi. Mambo haya huharibu mishipa ya damu. Kisukari huharibu na mishipa ya fahamu pia.

Sasa angalia jambo hili. Mishipa inayoleta damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 au 2 tu. Mishipa inayolisha moyo ina upana wa milimita 3 au 4. Uchafu unapoanza kujikusanya ndani ya mishipa, ule mwembamba huonyesha shida mapema. Ndiyo maana mwanamume anaweza kupungukiwa nguvu leo, na baada ya miaka michache akapata ugonjwa wa moyo. Uume umempa taarifa mapema. Akiinyamazisha taarifa hiyo kwa kidonge cha gulioni bila kupimwa, amezima kengele na kuuacha moto uwake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kununua kitu. Hatua ya kwanza ni kupima shinikizo la damu na sukari. Zahanati ikiwa haina kipimo cha sukari, nenda kituo cha afya. Mweleze mganga dawa zote unazotumia. Dawa nyingine za shinikizo la damu, na nyingine za kutibu akili, zinaweza kupunguza nguvu au hamu. Usiziache mwenyewe! Ukiacha dawa ya shinikizo la damu unaweza kupata kiharusi. Mganga anaweza kukubadilishia.

Jiulize pia: Je, asubuhi ukiamka uume husimama? Kama husimama vizuri asubuhi lakini hushindwa mbele ya mama, mara nyingi shida ni wasiwasi, uchovu, ugomvi au huzuni. Kama umepungua polepole, hata asubuhi, yaelekea mishipa ina kasoro.

HAMU NI JAMBO LINGINE

Watu wengi huchanganya nguvu na hamu. Mtu anaweza kuwa na hamu na nguvu zikakosekana. Mwingine nguvu anazo ila hamu hana. Vidonge tutakavyovitaja husaidia damu kuingia. Havileti hamu, wala havirudishi mapenzi yaliyovunjika.

Hamu hupungua kwa kazi nyingi, usingizi mdogo, msiba, madeni, sonona na pombe. Kwa mama, hupungua baada ya kujifungua, wakati wa kunyonyesha, na umri wa kukoma hedhi unapofika, kwa kuwa uke huwa mkavu na tendo huuma. Mwanamke anayeumia hawezi kuwa na hamu. Huyo hahitaji kulaumiwa. Anahitaji mapumziko, kusaidiwa kazi, na kupimwa.

Wako pia wanaume wenye upungufu wa homoni ya kiume. Hao hutibiwa hospitali baada ya damu kupimwa asubuhi, zaidi ya mara moja. Kijana asichome sindano ya homoni hiyo kwa kusikia tu. Homoni ya kutoka nje huzuia mwili kutengeneza mbegu, na anayetafuta mtoto anaweza kumkosa.

MISAADA ILIYOPO

(a) Vidonge. Kinachojulikana zaidi ni sildenafili. Kilianza kuchunguzwa Uingereza kwa ajili ya maumivu ya moyo, ikaonekana kinasaidia uume zaidi. Mwaka 1998 kiliruhusiwa Marekani kwa jina la Viagra. Kingine ni tadalafili. Hizi ni dawa za kuandikiwa na daktari. Sildenafili humezwa kiasi cha saa moja kabla ya tendo, na hufanya kazi kwa saa 4 au zaidi. Ukila kwanza chakula chenye mafuta mengi, huchelewa. Tadalafili hudumu hata saa 36. Usimeze zaidi ya mara moja katika siku moja, na usiongeze kipimo kwa sababu jirani anatumia kikubwa. Uume hausimami wenyewe kwa kumeza kidonge. Hamu na kushikana lazima viwepo. Kuumwa kichwa, uso kuwa moto na pua kuziba huweza kutokea, kisha hupita.

(b) Pampu ya uume. Hii ni bomba la plastiki linalovishwa juu ya uume. Hewa hutolewa ndani ya bomba, damu ikavutwa kuingia, kisha pete ya mpira huvutwa hadi kwenye shina la uume ili damu isitoke. Chombo hiki kiliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1982. Kinaweza kuwafaa hata wazee wenye kisukari na watu wasioruhusiwa vidonge. Chagua chenye kizuizi cha kupunguza mvuto usizidi. Vuta polepole, pumzika, vuta tena. Pampu ya baiskeli haifai kabisa kwa kazi hii!

(c) Pete. Pete hutumika pamoja na pampu, au peke yake kwa mtu ambaye uume husimama lakini hulegea upesi. Iwe ya mpira laini unaovutika, yenye vishikio vya kuivulia. Isikae zaidi ya dakika 30. Usilale nayo, na usiivae ukiwa umelewa. Usitumie uzi, kipande cha tyubu ya baiskeli, wala pete ya chuma. Uume ukivimba, chuma hakitoki, na damu isipozunguka nyama hufa. Uume kuwa baridi kidogo wakati pete imevaliwa ni kawaida. Maumivu makali au ganzi si kawaida. Vua mara moja.

(d) Kilainishi. Hiki huwasaidia wote wawili uke unapokuwa mkavu. Kama mnatumia kondomu, tafuta kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi na mafuta ya kujipaka huharibu mpira wa kondomu ikapasuka. Akina mama wanaojiweka shabu au unga wa kukausha uke, acheni. Ukavu huleta michubuko, na penye michubuko maradhi huingia.

Hospitali kubwa zina njia nyingine kwa waliokosa nafuu hapa, kama vile sindano ya kwenye uume. Hiyo hufundishwa na daktari.

NANI ASIMEZE VIDONGE?

Soma sehemu hii mara mbili.

Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama vile nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi, asimeze vidonge hivi kamwe. Dawa hizi mbili zikikutana, shinikizo la damu huporomoka, na mtu anaweza kufa. Ukipata maumivu ya kifua wakati wa tendo, acha, kaa, upelekwe hospitali. Mwambie daktari wazi kwamba umemeza kidonge na saa uliyomeza, ili asikupe dawa hiyo ya ulimi. Aibu ya dakika moja isikuue.

Wengine wanaopaswa kumwona daktari kwanza ni hawa:

1. Aliyepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, au anayeumwa kifua akipanda kilima kidogo.

2. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri. Ritonaviri huzuia mwili kuondoa kidonge, nacho hujikusanya kupita kiasi.

3. Anayetumia dawa za tezi dume. Baadhi yake hushusha shinikizo la damu.

4. Mwenye selimundu, kwa vidonge na hata kwa pampu. Huyu yuko katika hatari zaidi ya uume kusimama bila kulala. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye asitumie pampu bila ushauri, maana anaweza kuvujia damu ndani ya ngozi.

Uume ukisimama saa 4 bila kulala, hiyo ni ajali. Nenda hospitali usiku huo huo. Usingoje kuche, kwani sifongo ile huharibika na nguvu haziwezi kurudi. Vilevile ukipoteza ghafla kuona au kusikia, acha dawa na uende hospitali.

UNGA NA VIDONGE VYA GULIONI

Mchuuzi husema, "Hii ni miti shamba tu, haina madhara." Wengine huuza vumbi la Kongo, wengine asali ya nguvu, wengine vidonge visivyo na boksi. Mnunuzi hajui kilichomo. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta sildenafili ya hospitali imefichwa ndani ya dawa zinazoitwa za asili, bila kipimo. Mzee wa moyo anayekwepa kidonge kwa hofu anaweza kukimeza ndani ya unga bila kujua.

Sikiliza yaliyotokea Singapore mwaka 2008. Katika miezi 5 ya kwanza ya mwaka huo, watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitali kwa kuishiwa sukari mwilini. Wanne walikufa. Wengi wa waliokubali kueleza walikuwa wametumia dawa za nguvu za kiume zisizo halali. Zilipopimwa, zilikutwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, kwa wingi wa kutisha. Watu hao walinunua nguvu wakapewa dawa ya kisukari.

Kwa hiyo nunua duka la dawa lililosajiliwa, ukiwa na karatasi ya daktari. Tazama boksi, jina la dawa, tarehe ya mwisho na namba ya toleo. Ukiuziwa kitu cha kutilia shaka, toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba au kwa mganga wa wilaya.

MSAADA USIO NA BEI

Acha sigara. Punguza pombe. Punguza tumbo. Tembea kwa haraka siku nyingi za juma. Fanya pia zoezi hili: kaza misuli unayotumia kuzuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Zoezi hili huimarisha misuli inayosaidia damu kukaa. Matokeo huonekana baada ya miezi, si siku mbili.

Mwisho, zungumza na mama kabla ya kununua chochote. Mwanamke ambaye hakuambiwa hudhani amechokwa, au hudhani nguvu zinapelekwa kwingine. Kidonge na pampu havimpi mume ruhusa. Akisema leo hapana, ni hapana. Wakikubaliana, waje zahanati wote wawili. Na ukishindwa kulitamka jambo lenyewe, sema hivi: "Mganga, nyumbani nguvu zimepungua." Hayo yanatosha. Tutafunga mlango, na tutaanza kwa kupima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kupungua kwa nguvu za kiume kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa moyo?

2. Taja vipimo viwili vya kufanywa kabla ya kuchagua msaada.

3. Pete isikae kwa muda gani? Kwa nini isiwe ya chuma?

4. Mzee Fulani ana dawa ya kuweka chini ya ulimi. Rafiki yake anampa unga wa gulioni. Mtamshauri nini?